Miaka sita kaunta ya supamaketi: mteja anayefoka hajawahi kunipa shoti, aliyenipa shoti alikuwa mpole

Habari za mda huu wakuu.

Mimi ni keshia, supamaketi moja hapa Dar, jina silitaji maana bado nakula hapohapo. Kuna watu humu wanatusema sana makeshia, mara tuna sura za kununa, mara tunarusha chenji, nikasema leo niko ofu ngoja na mimi nishushe langu. Mtanisamehe uandishi, mimi sio mwandishi, natype kwa simu huku nachemsha maharage.

Kwanza mjue kazi yenyewe ilivyo, maana wengi wanadhani ni kukaa tu na kupitisha vitu kwenye skana. Unaingia unakabidhiwa floti, yaani hela ya kuanzia chenji, unahesabu mbele ya supavaiza unasaini. Ukitoka unahesabu tena, sistimu inasema umeuza kiasi gani na droo inasema ina kiasi gani. Ikipungua ndo shoti na shoti ni yako, ikizidi wanachukua wao na hakuna anayekwambia ahsante. Kwaiyo saa nane zote unazokaa pale kichwani una namba moja tu, jioni droo itasemaje. Ukiona keshia amenuna jua sio wewe, ni droo.

Sasa wateja. Wa kawaida wasumbufu mnawajua, nitawapitia harakaharaka. Kuna anayeweka trolii kwenye foleni afu anarudi ndani "nakuja dada, sukari tu", anarudi baada ya dakika saba na sukari, sabuni na mtoto analia. Kuna anayeongea na simu mwanzo mwisho, nikimuuliza mfuko ananipungia mkono kama nzi. Kuna wa nyanya ambazo hajapima, anakwambia "kadiria tu", nikadirie na nini mama yangu, mzani uko kule kwenye mboga. Kuna anayetupa hela kaunta wakati mkono wangu nimeunyoosha, huyo naye nimemzoea, naokota, namwambia karibu tena.

Na kuna "unajua mimi ni nani?" Huyu kila keshia anaye. Nilikua namuogopa zamani, siku hizi namjibu kwa upole kabisa "sikujui boss wangu, ila supavaiza anaweza akawa anakujua, ngoja nimuite", nabonyeza kitufe taa inawaka juu ya kaunta. Tisa kati ya kumi taa ikiwaka tu sauti inashuka, maana foleni nzima inageuka kumuangalia.

Wa mfuko wa 2019 sitawasahau. Tarehe moja mwezi wa sita rambo, ile mifuko ya plastiki, zikapigwa marufuku, sisi tumeshazoea kumfungia mtu kila kitu kwenye rambo mbilimbili bure, asubuhi yake unamwambia mteja mfuko ni wa kununua. Nilichambwa wiki nzima utadhani mimi ndo nimetunga kanuni. Kuna dada alivua kitenge chake cha juu akafungia mchele, mafuta na sabuni, akakitupia begani akatoka anasema hela yangu hamuipati ng'o. Yule nilimpenda bure.

Ila hawa wote wa makelele nataka niwaambie kitu, hawajawahi kunipotezea hata mia. Mtu akifoka mimi nakua makini, nahesabu mara mbili, nasema kwa sauti "umenipa elfu kumi, chenji yako elfu nne na mia mbili". Makelele yananiamsha.

Aliyeniliza alikua mpole.

Ilikua Jumamosi, tarehe za mshahara, foleni mpaka kwenye friji za maziwa. Akaja kaka mmoja, shati limenyooshwa, ananukia vizuri, "pole na kazi dada angu, leo mmeelemewa". Ana chupa moja ya maji, ya buku. Akanipa msimbazi, noti ya elfu kumi. Nikampa chenji yake elfu tisa, tano moja na mbilimbili mbili. Hajaondoka, akajipapasa, "ah dada samahani, kumbe nina buku hapa, nisikumalizie chenji, shika hii elfu tisa yako na hii buku unirudishie ile kumi yangu". Nikaona mtu wa maana huyu anayejali chenji za wenzie. Nikamtolea msimbazi, akanipa ile tisa na buku, jumla kumi, ziko mkononi mwangu sijaziingiza kwenye droo. Hapohapo, sauti ileile ya upole, akanirudishia ule msimbazi juu ya zile nilizoshika, "au basi dada, hiyo kumi uliyonayo na hii kumi si ishirini, nipe tu tano tano nne nina watu wa kuwagawia". Nikamhesabia, moja mbili tatu nne. Akasema Mungu akubariki.

Mmeona alichofanya? Ile kumi niliyoshika haikua yake, ndo kwanza nimeibadilisha na msimbazi. Ameihesabu mara mbili. Jioni droo imepungua elfu kumi kamili na mimi nimekaa kwenye kiti cha ofisi nakumbuka wateja wote waliofoka siku hiyo, kwamba labda yule mama wa nyanya, labda yule mzee wa simu. Yule kaka hata hakunijia kichwani. Tulikuja kumuona kwenye kamera kesho yake, supavaiza anarudisha nyuma anasema "huyu hapa", na mimi bado nabisha nasema hapana huyu alikua mstaarabu.

Tangu siku ile hela ya mteja haiingii ndani ya droo mpaka ashike chenji yake na tumalizane. Naiweka juu, kwenye mfuniko wa droo, anaiona na mimi naiona. Na mtu akianza kubadilisha badilisha namwambia "tumalize hili kwanza kaka", nafunga droo, nahesabu nilichoshika, ndo tunaanza upya jambo la pili kama mteja mpya. Wanaonielewa wananielewa, wasiotaka wanasema nina roho mbaya.

Karibuni, nitajibu maswali nikimaliza kupika.

---

Dereva wa Tandika: Dada uzi mtamu ila mtusemee na nyie. Kwa nini shelfuni bei ni 4,500 nikifika kwako inasoma 5,200? Hapo nisifoke?

Mleta uzi: Hapo foka mkuu, ila usinifokee mimi. Lebo ya shelfu anabadilisha mtu wa shelfu kwa mkono, bei inayosoma kwangu inatoka ofisini kwenye sistimu, na hao watu wawili hawaonani kabisa. Ofa imeisha jana usiku, lebo bado inaning'inia mpaka kesho kutwa. Mimi sina uwezo wa kubadilisha hata shilingi kumi, ila naweza kuita supavaiza. Kapige picha lebo uje nayo na simu, ukimuonyesha supavaiza mara nyingi anakupa kwa bei ya lebo kwa sababu hana pa kutokea. Ukija mikono mitupu unapiga kelele tunaanza kutuma kijana aende kuangalia, foleni nyuma inaanza kuzomea, mnaishia kugombana wateja kwa wateja.

mama wawili: Mimi kero yangu pipi. Chenji mia mbili unapewa pipi mbili, nani kawaambia nina watoto? (ninao, ila sio hoja)

Mleta uzi: 😂 Hoja yako nakubali. Sarafu za mia na mia mbili zinakua ngumu kupata, bosi anatuma mtu benki anarudi na kimfuko kinaisha kabla ya saa sita. Mimi namuuliza mtu kwanza, "nina upungufu wa mia mbili, uchukue pipi au nikutafutie?" Ukimuuliza hakasiriki, ukimtupia bila kumuuliza ndo anajiona umemuibia, na kwa kweli ni kama umemuibia. Kuna mama alikusanya zile pipi zetu, siku moja akaja kulipia mkate na pipi ishirini na kitu, akazipanga kaunta kwa mstari. Nikamuita meneja mwenyewe aje azipokee. Alizipokea.

kaka wa stoo: Hiyo ya pipi chai hiyo, umeitunga

Mleta uzi: Chai ya nini na mimi nilikua nimekaa pale. Meneja alicheka mpaka akakaa chini.

Muuza vifaa Kariakoo: Sisi wa maduka ya kawaida kero yetu ni risiti. Mteja umeshamtolea ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, imetoka, ndo anakumbuka "niandikie jina la kampuni na TIN", yaani namba ya mlipakodi. Nimwandikie na kalamu?

Mleta uzi: Uyo namjua kwa jina na sura! Ikishatoka imetoka, haifutiki. Siku hizi nikiona mtu ana shati la ofisini na ananunua maji katoni kumi namuuliza kabla sijabonyeza jumla, "risiti ya kampuni?" Nimeokoa magomvi mengi na hilo swali. Na wale wasiotaka risiti kabisa, "kaa nayo tu", nawaambia chukua dada, sheria inakubana na wewe mnunuzi, faini ipo. Wanadhani nawatania.

Afu umenikumbusha mama wa VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani. Hii nilikua nimeisahau. Ilikua 2023. Kanunua vitu vyake, jumla 11,800, kalipa, katoka. Baada ya dakika kumi karudi mbio na risiti mkononi, ameivuka foleni yote, "nyie wezi! hii 1,800 ni ya nini?" Kumbe kaona chini pameandikwa kodi 1,800 anadhani nimemuongezea juu. Mimi kumuelezea hasikii, kila nikisema kodi iko ndani ya bei anasema "ndani wapi, mimi nimenunua vitu sijanunua kodi". Watu wameshaanza kutoa simu wanarekodi.

Nikaona maneno hayafui dafu. Nikachukua karatasi, nikamwambia mama tujumlishe pamoja bei za shelfuni, wewe soma mimi naandika. Akasoma moja moja, mafuta, sabuni, majani ya chai, mpaka mwisho. Ikaja 11,800. Nikamwambia sasa hii 1,800 imetoka humohumo, elfu kumi ni ya mwenye duka na elfu moja mia nane ya serikali, kumi na nane kwa kila mia. Akakaa kimya, akaangalia karatasi. Akasema "kwaiyo miaka yote nalipa?" Nikasema ndio mama, miaka yote. Akakasirika upya ila safari hii sio na mimi 😂 akageukia foleni akaanza kuwahutubia. Ule ugomvi ulikua mzuri kuliko ule wa kwanza.

Mtoto wa Likoni: Sisi huku Mombasa ni yaleyale dadangu. Mimi niko minimart, kastama anakuonyesha meseji ya M-Pesa kwa simu yake, "nimelipa si uone". Kumbe ni meseji ya jana amehariri saa na pesa. Huyo naye huwa hapigi kelele, anakwita mrembo, anakuuliza umekula. Siku hizi mimi simtoi mtu mpaka simu ya duka iingie meseji, hata awe imamu. Wakikasirika nawaambia basi tungoje sote. Na kuhusu mifuko nyinyi mlichelewa, sisi tulianza kutukanwa tangu Agosti 2017.

Mleta uzi: Umeona eeh, umekula? 😂 Ndo walewale. Huku pia muamala ukichelewa wengine wanakosa kweli na wengine wanaigiza, na kwa macho huwezi kuwatofautisha. Simu ya duka ndo inaamua. Ila tukae upande wao pia, mtandao ukisumbua hela imekatwa kwake haijafika kwangu, mtu ana haki ya kupagawa. Namwekea vitu vyake pembeni na jina lake, sivirudishi shelfuni.

wakili msomi wa mtaani: Nimerudi kwenye suala la shoti. Mwajiri hawezi tu kukata anavyojisikia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28. Hasara lazima iwe imetokana na kosa lako ukiwa kazini, akupe taarifa kwa maandishi, akupe nafasi ya kupinga, asikate zaidi ya hasara yenyewe, na makato yote ya namna hiyo yasizidi robo ya mshahara wako. Hujapewa hivyo vitu, kuna CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwa mgogoro usio wa kuachishwa kazi una siku sitini.

Mleta uzi: Ahsante mkuu, hii watu waisevu. Mimi robo nilikua naijua, ya maandishi nilikua siijui. Ile elfu kumi ilikatwa na mshahara ulivyoingia ndo nikaiona, hakuna karatasi. Ila nikuulize swali la mtaani, mkataba wangu ule ulikua wa miezi mitatu mitatu. Niende CMA kwa elfu kumi, afu mwezi wa tatu mkataba uishe "bahati mbaya" hakuna nafasi? Wenzangu wawili wamepotea hivyo.

wakili msomi wa mtaani: Ndo maana kuna vyama vya wafanyakazi, nyie wa biashara mna TUICO. Mtu mmoja akidai anaonekana msumbufu, mkidai kumi ni utaratibu.

Mleta uzi: Kweli. Na ndo nilivyofanya, sio CMA, tulienda kwa meneja makeshia saba pamoja, tukaomba kitu kimoja tu, shoti ikitokea kamera iangaliwe kabla ya kukata. Alikubali. Hajaandika ila anafanya.

mama wawili: Mteja gani amewahi kukuumiza roho, achana na hela?

Mleta uzi: Mzee mmoja, 2025. Mnakumbuka Benki Kuu walitangaza noti za zamani zirudishwe, kuanzia tarehe 6 Januari mpaka tarehe 5 Aprili. Sisi tulibandika tangazo mlangoni. Wiki moja baada ya mwisho akaja mzee, kofia ya kiua, fimbo, na mjukuu kama wa miaka tisa. Mchele kilo tano, sukari, tambi, tende. Nikapitisha vyote. Akatoa kitambaa mfukoni, akakifungua taratibu, ndani noti za elfu kumi za zamani zimekunjwa ndogo mpaka zimeshika mikunjo, sijui zimekaa sandukuni miaka mingapi.

Nikamwambia babu hizi hazipokelewi tena. Akasema "hela ya serikali unaikataaje wewe binti?" Nikamuonyesha tangazo, hasomi vizuri, mjukuu akamsomea. Akaanza kufoka. Alifoka kweli, alisema sisi vijana ni matapeli, tumepanga na benki. Foleni ikaanza kuguna, kijana mmoja nyuma akasema "mzee toka bwana tunachelewa". Mimi nikawa nasubiri amalize kama kawaida yangu, nimeshika mikono yangu juu ya kaunta anaona, sijibu. Afu akanyamaza ghafla akaanza kuzikunja tena, moja moja, kwenye mikunjo ileile. Mjukuu akaanza kutoa vitu kwenye mfuko mwenyewe anavirudisha kaunta, tende kaziacha mwisho.

Nililipia vyote. Sio sifa, ni kwamba sikuweza kuita supavaiza aje afute, ile kufuta inataka ufunguo wake na maelezo na yule mtoto amesimama pale anatazama. Mzee hakusema ahsante na sikutegemea aseme, alikua bado amenikasirikia.

Dereva wa Tandika: 😔

kaka wa stoo: Hiyo sisemi chai.

Muuza vifaa Kariakoo: Swali la mwisho dada, yule kaka wa chupa ya maji alipatikana?

Mleta uzi: Kupatikana hapana, ila alirudi! Miezi miwili baadae, mchana, duka limetulia. Shati limenyooshwa vilevile. Kaniona kaunta yangu, akaenda kaunta namba nne kwa binti mgeni, ana wiki ya pili tu kazini. Chupa moja ya maji. Nikamuona anatoa msimbazi. Nikapaza sauti kutoka kwangu, "mdogo wangu, hela ya kaka iache juu ya mfuniko, afu chenji mpe kwa sauti". Binti hajui chochote, akafanya hivyohivyo, "kaka umenipa elfu kumi". Yule kaka akageuka, tukaangaliana. Akatabasamu, akasema "sista nimesahau pochi kwenye gari", akauchukua msimbazi wake juu ya mfuniko, akatoka.

Pochi gani na hela anayo mkononi. Maji aliyaacha kaunta, nikayarudisha kwenye friji.

Haya maharage yameiva, kesho naingia ya asubuhi.